Herufi Nilizozisoma Kwenye Ukuta Mtupu

Wenzangu wa chumba cha macho, amahoro. Mliniaga vizuri. Fanta ilikuwa ya moto, hotuba zilikuwa baridi, na zawadi yenu ni saa ya ukutani yenye namba kubwa kama mikungu ya ndizi. Nimewaelewa. Mtu amefanya kazi maisha yake yote kwenye chumba cha macho, mnampa saa ambayo hata jirani anaisoma akiwa kwake. Murakoze cane, asanteni sana.

Mmesema niandike niliyoyaona kazini. Hilo neno "niliyoyaona" nalo lina dharau ndani yake, ila tuliache. Naandika kwa jicho la kulia, ambalo limeliwa pembeni zote kama mkate uliolala na panya. La kushoto lipo kwa ajili ya kupendezesha uso. Hicho kipande kilichobaki katikati ya jicho la kulia ndiyo mali yangu yote, na nilikaribia kukitupa mwenyewe, mimi niliyewafokea nusu ya watu wa Rumonge wasitupe vyao. Nitafika huko. Lakini lazima nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho mtasema muzee amechanganyikiwa, na mtakuwa na haki kidogo.

Nilikuja hospitali na ndoo. Wengine mlikuja na diploma, na mnazitundika ukutani. Ndoo yangu haikutundikika. Shule niliishia mwaka wa pili, kwa sababu mwalimu alihama na mimi nikahama upande mwingine. Kazi niliyopewa ilikuwa garsoni wa sale, yaani mtumishi wa chumba cha wagonjwa: kupiga deki, kuchemsha vyombo, kuita majina, na kuitika kila mtu anaposema "wee". Chumba cha macho kilikuwa mwisho wa korido, mlango mmoja kabla ya choo. Nadhani aliyepanga alifikiri hivi: wagonjwa wetu hawaoni, basi wakikosea mlango wasikosee mbali.

Mkubwa wa chumba alikuwa infirmiye, yaani muuguzi, Melkiori, mtu wa milimani, mrefu, wa maneno machache, na koti lake lilipigwa pasi mpaka ndani ya mifuko. Siku ya kwanza alinitazama na ndoo yangu, akauliza:

— Unaitwa nani?

— Ramazani.

— Ramazani, jicho ni nini?

Nikasema jicho ni kitu cha kuonea. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

— Na gari ni kitu cha kusafiria. Unaweza kulitengeneza likizimika?

Nikatazama ndoo yangu.

— Basi weka ndoo chini. Nenda kwa muchinja nyama, lete macho ya ngombe. Mawili. Ya leo, siyo ya jana.

Muchinja nyama wetu wakati ule alikuwa Saidi, jirani yangu mtaani kwetu Waswahilini, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake.

— Macho? Watu wanakuja kutafuta maini, wewe unataka macho? Iko mugonjwa gani anakula macho?

— Siyo ya kula. Ni ya kusoma.

— Eh! Ramazani kitabu kimemushinda, sasa anasoma ngombe!

Alinifungia macho mawili kwenye jani la mgomba, na kabla sijafika hospitali mtaa mzima ulishajua. Tangu siku hiyo watu waliamini kwamba kule mwisho wa korido tunawatoa watu macho yao na kuwawekea ya ng'ombe. Msicheke. Miaka mingi baadaye mvuvi mmoja aliniomba kwa siri, huku akinishika mkono: "Papa, kama ni lazima, niwekee ya dume."

Melkiori aliyaweka macho yale kwenye sahani ya chuma, akachukua wembe, akaniambia nishike tochi. Mimi nilifikiri nitaona damu. Hapakuwa na damu ya maana. Kile kioo cha mbele, konea, kilikuwa kigumu kama ukucha na safi kama kioo cha saa. Wembe ulikikwaruza mara mbili kabla ya kuingia. Ulipoingia, maji kidogo yakaruka yakanipata shavuni. Nyuma ya maji kuna pazia la rangi, na katikati ya pazia kuna tundu. Lile jeusi mnaloliona katikati ya jicho la mtu na kuliita mboni ni tundu tu. Ni giza la ndani ya nyumba mnalolitazama kupitia dirishani. La ng'ombe limelala kama tundu la kutumbukizia barua. Letu ni la mviringo. Mwanga ukiwa mkali pazia linavutwa, ukipungua linaachiwa. Kazi hiyo linaifanya lenyewe, halisubiri sahihi ya direkta.

Nyuma ya pazia akatoa lenzi. Hapo ndipo nilipoelewa kitu cha kwanza maishani mwangu bila kupigwa. Nyote mmekula mukeke. Ile punje nyeupe ngumu ndani ya jicho la samaki, ambayo mnaitema pembeni ya sahani: hiyo ndiyo lenzi. Samaki akiwa mbichi ni safi kama tone la maji. Moto ndio unaoifanya iwe nyeupe.

— Na muntu? nikauliza.

— Muntu haingii sufuria, akasema Melkiori. Miaka ndiyo inamupika polepole.

Basi huo ndio ugonjwa wa mtoto wa jicho. Nimeueleza hivyo kwa wagonjwa sijui elfu ngapi, na wote walielewa, isipokuwa wale waliosoma sana.

Baada ya lenzi ule ute, kama weupe wa yai, umejaza jicho lisinywee. Halafu ukuta wa nyuma, retina: ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara iliyolowa, ukiigusa inajikunja na kuning'inia sehemu moja tu, pale mshipa unapotokea kwenda kwenye ubongo. Nyuma yake jicho la ng'ombe linang'aa rangi ya bluu na kijani, kama ndani ya gamba la konokono wa ziwani. Nililipenda sana lile la kung'aa. Wiki iliyofuata nikamwambia mama mmoja kwamba na yeye nyuma ya jicho lake kunang'aa vile vile. Melkiori alisikia.

— Ramazani, huyu mama unamuona na pembe?

Kumbe ni la ng'ombe, na paka, na wale wanaotembea gizani. Sisi nyuma kule ni wekundu wa kawaida tu. Nilimwomba radhi mama yule. Alisema hakuna shida, ila nyumbani alikuwa ameshawaambia.

Jicho la pili hakulipasua. Alikwangua mgongo wake kwa wembe, polepole, mpaka pakabaki utando, akabandika kipande cha karatasi nyembamba, akanipa nilishike kama darubini nikielekeza mlangoni. Kwenye karatasi nikaona mlango wetu, mdogo kama ukucha, na mwanamke anapita na beseni la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kichwani. Rangi zake zote zilikuwepo. Lakini alikuwa anatembea kwa kichwa, miguu juu, na beseni chini, na hakuna ndagala hata mmoja aliyemwagika.

— Amepinduka! nikapiga kelele.

— Wote tunaingia humo tumepinduka, Melkiori akasema. Ubongo ndio unageuza.

Nilikaa na hilo siku nzima. Watu wa Rumonge kupinduka nilishalishuku toka zamani, nilikuwa sijapata ushahidi.

Kitu cha mwisho alichonionyesha siku ile ndicho ambacho nawaomba mkiweke akilini, maana kitarudi. Jicho linatengeneza maji yake ndani. Siyo machozi. Machozi yanatoka kwenye tezi juu huku, upande wa sikio, yanaosha kioo, halafu yanaingia kwenye vitundu viwili pembeni ya pua na kushukia puani. Ndiyo maana mtu akilia kwenye matanga anaomba kitambaa kwa ajili ya pua. Maji ya ndani ni mengine. Yanatengenezwa nyuma ya pazia, yanapita tunduni, yanatokea kwenye mfereji mwembamba pale konea inapokutana na pazia. Mfereji ukiziba, maji hayana pa kwenda. Yanabana. Na wanaobanwa mwisho wa yote ni zile nyuzi za mshipa wa nyuma, zinakufa moja moja, kuanzia pembeni. Hakuna maumivu, mara nyingi. Hakuna wekundu. Katikati unaona vizuri, unasoma, unashona nyavu, unamtambua mdai wako akiwa mbali. Pembeni panafungwa kidogo kidogo, na mwenye jicho ndiye wa mwisho kujua.

— Na dawa? nikauliza.

— Matone, kila siku, mpaka kufa. Hayarudishi kitu. Yanalinda kilichobaki.

— Sasa muntu atajuaje kama inamusaidia?

Melkiori akafuta wembe wake.

— Hatajua. Ndiyo kazi yako wewe, kumufokea.

Kazi hiyo niliipokea kwa moyo wote.

Kuhusu vyombo vyetu. Kuna lile jicho la plastiki, kubwa kama papai, linalofunguka vipande. Lililetwa jipya, na mimi ndiye niliyeliosha, na mimi ndiye niliyeangusha lenzi yake kwenye tundu la sinki. Melkiori alitoka, akarudi na gololi ya watoto, ya kijani, akaibandika pale. Kwa hiyo jicho letu la plastiki lina mtoto wa jicho mpaka leo, na wapo wanafunzi waliotoka kwetu na cheti wakijua kwamba lenzi ya binadamu ni ya kijani na ina kiputo katikati.

Halafu kuna ule ubao wa herufi. Mimi herufi nilijifunzia pale. Nilikuwa nimebaki na chache za shuleni. Nyingine nilizipata nikisimama na fimbo, nagonga mstari, mgonjwa anasema, Melkiori anasema ndiyo au hapana, na mimi naokota. A kubwa juu. Chini yake L na V. Chini yake R, F, T. Nilizijua mpaka mstari wa mwisho kabisa, zile zinazofanana na mavi ya nzi. Nilizijua kwa kwenda na kwa kurudi. Mke wangu Mwajuma anasema nilizisema usingizini, na alidhani ni majina ya wanawake kwa ufupi.

Na niliwajua wadanganyifu wote. Kuna wanaochungulia kati ya vidole: "Funga mkono, wewe siyo dirisha!" Kuna wanaouliza aliyetangulia kwenye benchi, wanaingia na herufi zao mdomoni. Mmoja alisoma mstari wote bila kosa wakati nilikuwa nimesimama mbele ya ubao. Mgongo wangu, alisoma. Watu wanaona haya kusema "sioni". Watasema jua limewapiga, watasema herufi zenu za Kizungu, watasema wamekuja na njaa. Niliwaambia wote sentensi moja: "Humu ndani neno zuri ni sioni. Ukilisema, tunaanza kazi."

Kesi ngumu ni nyingi, nitawapa mbili. Ya kwanza ni mkata mawese wa Kizuka. Alipanda mchikichi kukata mkungu, mwiba ukamchoma kwenye konea. Kidoti tu, kama unga. Angekuja siku hiyo tungemfunga dawa akaenda. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na wataalamu: shangazi aliweka maziwa ya mzazi, jirani akaweka utomvu wa jani, na kaka yake, ambaye alikuwa msomi, akaweka sukari. Alipotufikia wiki ya pili, konea ilikuwa nyeupe kama kioo cha bafu. Ile konea haina damu ndani, ndiyo maana inapitisha mwanga; na kwa sababu haina damu, kidonda chake kinapona taratibu na kinaacha kovu jeupe. Melkiori alimtibu miezi. Jicho halikutoboka. Lakini kuona, ilikuwa kama mtu anayetazama ziwa kupitia moshi. Aliniuliza kama zile dawa tatu ndizo zilizoharibu. Nikamjibu kwamba mwiba ulikuwa mmoja na wao walikuwa watatu, ahesabu mwenyewe. Leo nisingemjibu hivyo. Siku ile nilijiona hodari.

Ya pili ni Leonidasi, mvuvi wa Nyanza-Lac. Alikulia Tanzania, akarudi mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa fundi. Alikuwa anasema "tafadhali" mpaka kwa mlango. Presha ya jicho, ule ugonjwa wa maji kubana, ilikuwa imeshamla jicho la kushoto lote, la kulia robo. Tukampa matone. Nikamfundisha mimi mwenyewe: kaa, tazama dari, vuta kope la chini liwe mfuko, dondosha tone moja, funga macho, na ubonyeze kwa kidole hapa pembeni ya pua, kwenye vile vitundu, uhesabu mpaka mia, la sivyo dawa inakimbilia puani na kooni na unaishia kuinywa.

Akaenda. Akarudi baada ya miezi sita.

— Unaweka dawa?

— Niliacha, Papa. Niliona haisaidii. Sikuona tofauti yoyote.

Benchi lilikuwa limejaa. Nikasimama katikati ya korido na fimbo yangu.

— Haisaidii! Bwana mukubwa ameona haisaidii! Sikilizeni wote! Alitaka tone moja limuoteshee jicho jipya! Nenda, ununue fimbo nzuri, ya muti mugumu, na umutafute mutoto wa kukushika mukono. Ukifika chini ya ziwa utatuambia kama umeona tofauti!

Watu walicheka. Leonidasi hakucheka. Alikunja kofia yake mara mbili, akasema, "Nimekosa, tafadhali nipeni tena." Tukampa tena. Nilijisifu mpaka nyumbani.

Miaka ikaenda. Melkiori akastaafu, akarudi milimani kwake, akaniachia tochi yake na wembe. Akaja Esperansi, binti kutoka Kabezi, infirmiye mwenye diploma mbili na viatu visivyopiga kelele. Mimi ndiye niliyemfundisha chumba. Alivumilia mpaka hadithi ya gololi. Niligonga mistari, nikaita majina, nikafoka.

Na nikaanza kugongana na milango. Kwanza fremu ya mlango wetu, bega la kushoto. Nikasema seremala alikuwa mlevi. Halafu trei ya vyombo vilivyochemshwa, yote chini. Nikasema nani ameiweka pale. Motari, wale wa pikipiki, waliokuwa wanatokea kushoto kwenye barabara ya soko, wote walikuwa wahuni wasiopiga honi. Mwajuma akaniambia nimempita sokoni hatua mbili, amenipungia mkono, nimekaza uso kama prezida kwenye noti. Nikasema nilikuwa na mawazo. Chai nikaanza kuimimina pembeni ya kikombe, kwa sababu mtu mwenye jicho moja hajui kikombe kiko karibu kiasi gani. Nikasema birika limepinda mdomo. Birika, seremala, motari, mke: Rumonge yote ilikuwa na kasoro, mimi peke yangu nilikuwa mzima.

Je, nilijua? Mtaniuliza hivyo, na mimi ni mtu wa ukweli baada ya mambo kuisha. Asubuhi moja nilikuwa nanyoa, nikafunga jicho la kulia kwa sababu ya sabuni. Kioo kilitoweka. Kilibaki kiwingu cha mwanga upande wa sikio, kama mtu aliyefunikwa kitenge usoni. Nikafungua jicho, kioo kikarudi, na mimi ndani yake. Nikamaliza kunyoa. Nikaenda kazini. Siku ile nilimfokea mzee mmoja aliyechelewa kuja.

Kila mwaka wafanyakazi tunapimwa, na ubao wa herufi mnaujua ni rafiki wa nani. Miaka mitatu nilisoma mistari yote kwa jicho lililokufa. Sikuhitaji hata kuona fimbo; inapogonga juu inalia nzito, chini inalia nyembamba, kwa sababu ya ule msumari unaoshika ubao kwa juu. Esperansi alikuwa anaandika: vizuri sana.

Mwaka wa nne aliniita asubuhi, kabla ya wagonjwa.

— Papa Ramazani, karibu kwenye kiti.

— Haraka, mwanangu, benchi linajaa.

Alifunika jicho langu la kulia yeye mwenyewe, kwa pamba na kile kijiko cheusi cha kuzibia jicho, akabana vizuri. Mimi nilimfundisha kubana hivyo. Fimbo ikagonga.

— A, nikasema.

Ikagonga.

— L, V.

— Endelea, Papa.

Nikaendelea. R, F, T, nikashuka ngazi kwa ngazi, hata sikusubiri fimbo, mpaka mavi ya nzi ya mwisho, na kwa maringo nikayasema na kwa kurudi.

— Bon, akasema. Toa kijiko.

Nikatoa. Ukuta ulikuwa mtupu. Msumari mmoja, na alama ya vumbi ya mraba pale ubao ulipokuwa umening'inia miaka yote. Ubao wenyewe ulikuwa umelala mezani, kifudifudi.

Nikasema:

— Huo ukuta unahitaji chokaa.

— Papa, tazama pua yangu.

Kipimo hicho pia nilimfundisha mimi. Mgonjwa anatazama pua yako, wewe unaleta vidole pembeni, anasema vingapi. Nikajaribu kuhamisha jicho kidogo kufuata mkono.

— Pua, Papa! Pua yangu iko hapa. Haijahama.

Sauti ilikuwa ya kwangu, mdomo ndio wake. Kwa jicho la kulia vidole vyake vilitokea vikiwa vimekaribia mashavu yake. Kushoto havikutokea kabisa. Akapima presha. Hakuniambia namba, akageuza karatasi nisome mwenyewe, kisha akaweka kichupa cha matone mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kama mtu anayempa mtoto peremende njiani.

— La kushoto limeisha, Papa. La kulia limebaki katikati. Unajua yote.

Najua yote. Ndiyo maana nilipofika mwezi wa pili niliacha dawa.

Ndiyo, niliacha. Kwanza nilisahau siku moja, na sikuona tofauti. Siku mbili, sikuona tofauti. Nikawaza, basi. Mtu aliyekuwa anaeleza ugonjwa huu kwa macho ya ng'ombe, kwa sinki, kwa mukeke, alikaa kitandani kwake akasema kimoyomoyo: haisaidii. Kichupa nikakiweka juu ya kabati, upande wa kushoto, ambapo mimi sitakiona. Mwajuma alipouliza nikamwambia nimeweka. Na ndipo mkaniaga, na Fanta yenu, na saa.

Miezi mitatu baada ya hapo Esperansi alituma neno mara mbili nije kupimwa. Mara ya tatu alimtumia Mwajuma, na Mwajuma hatumi neno, anakuleta mwenyewe. Nikajikuta kwenye benchi, kwenye korido niliyoipiga deki kwa mikono yangu, nimeshika karatasi yenye namba. Garsoni mpya akaniita "wee". Nikaitika.

Aliyekaa kushoto kwangu sikumwona. Nilimsikia.

— Samahani, tafadhali. Huyu siye Papa Ramazani?

Nikageuza shingo yote, kama bundi. Leonidasi. Mvi kichwani, kofia ile ile mkononi. Nikaitafuta kwake ile fimbo nzuri ya mti mgumu. Hakuwa nayo.

— Bado unaona? nikauliza.

— La kulia kama ulivyoliacha. Naweka matone asubuhi na jioni, tangu siku ile uliyonifokea. Nilikuchukia sana, Papa, nikawa naweka kwa hasira. Na wewe leo unamsindikiza nani?

Watu wa benchi wakageuka kunitazama. Wengine niliwajua sauti zao. Hapo nilikuwa na majibu mengi: jua, mawazo, birika. Nikaangalia chini, nikaona viatu vyangu, hivyo bado vilikuwa katikati.

— Sikuja kumsindikiza mtu. Nina ugonjwa wako. Nilipewa dawa, nikaacha.

— Kwa nini?

— Niliona haisaidii.

Nikasubiri. Alikuwa na haki ya korido nzima, na sauti ya kutosha. Leonidasi hakusimama. Alitia mkono mfukoni, akatoa kichupa chake, akakitikisa sikioni kusikia kama kimebaki.

— Ni dawa ile ile? Nisomee.

Nikasoma. Ilikuwa ile ile.

— Basi tazama dari, Papa.

— Nitajiwekea mwenyewe.

— Ulinifundisha kwamba wanaoanza wanakosea, wanaweka shavuni. Tazama dari, tafadhali.

Nikatazama dari. Kidole chake cha mvuvi, kigumu kama kamba, kikavuta kope langu la chini. Tone likaanguka, baridi. Nikafunga jicho, na kidole kile kikaja pembeni ya pua, kwenye vitundu viwili, kikabonyeza na kukaa pale. Alihesabu kwa sauti, mpaka mia, na mtoto mmoja wa mgonjwa mwingine akawa anahesabu naye, na walipofika sabini na tisa wote wawili wakasahau inayofuata wakaanza tena sitini.

Alipotoa kidole nikafungua.

— Unaona nini? akauliza.

— Dari.

— Na huku pembeni, mkono wangu?

Miaka yote ile niliwadai watu neno moja. Kumbe ni zito, wenzangu. Mwambieni mgonjwa polepole kuliko nilivyokuwa namwambia.

— Sioni, nikasema.

Leonidasi akafunga kichupa chake, akakirudisha mfukoni.

— Basi hiyo dari ndiyo yako, akasema. Uitunze.